Angalizo limetolewa: nyumbani kwako nani anafanya nini?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikiona hali mbaya inakuja, huitangaza kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Humo ndani mna vipengele viwili ambavyo wengi huviruka: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Kazi yangu ni kusaidia kaya za mabondeni kujiandaa na mafuriko. Nikikaribishwa kwenye nyumba siulizi kwanza kama kuna begi la dharura. Nauliza: angalizo likitoka, nani anafanya nini?

Jibu la kawaida ni "tunasubiri tuone."

Kwenye bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam, kusubiri kuona ni hatari. Mto huo unaanzia vilima vya Pugu, kwa hiyo huku chini Jangwani panaweza kujaa maji hata kama mvua kubwa imenyesha huko juu tu. Desemba 2011 zaidi ya milimita 150 zilinyesha Dar es Salaam kwa siku moja. Watu wapatao 40 walifariki, na kaya nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Maji yanayokimbia yakifika magotini yanatosha kumwangusha mtu mzima.

Watu wa mabondeni huitwa wabishi. Mimi sikubaliani. Anayelala juu ya meza badala ya kuondoka mara nyingi analinda friji ambalo bado analilipia, na anajua nyumba ikibaki tupu wezi wataingia. Ukimwambia "hama" bila kugusa hofu hiyo, umepoteza muda wako.

Ndiyo maana nashauri vitu vitangulie, watu wafuate. Likitoka angalizo, magodoro na friji vinainuliwa juu ya matofali, na vyeti, vitambulisho vya NIDA na kadi za kliniki vinafungwa kwenye mfuko wa plastiki. Simu zinachajiwa mapema, maana umeme huondoka kabla ya maji kufika. Majirani mnazibua mtaro pamoja. Ukizibua kipande chako peke yako hujafanya kitu. Ikiwa tahadhari, wazee, wagonjwa na watoto wanakwenda kwa ndugu aliye mwinukoni, na ndugu huyo awe ameshaambiwa tangu kiangazi, asishtukizwe saa nane usiku. Ikiwa tahadhari kubwa, hakuna anayelala hapo. Ulinzi wa mtaa mpange na mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema, ili baba asibaki peke yake kulinda mlango.

Kwenye nyumba za kupanga mambo huwa magumu zaidi. Swichi kuu ya kuzimia umeme iko chumbani kwa mpangaji mmoja, naye kafunga kaenda kazini. Kubalianeni ufunguo wa akiba unakaa kwa nani.

Mlimani ni hesabu nyingine. Katesh, Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilishuka kutoka mlimani na kuua watu zaidi ya 80. Tope halikupi muda wa kuinua godoro. Huko mpango ni mmoja: mvua ikikaza kwa muda mrefu, toka kwenye njia ya korongo.

Mkirudi baada ya maji kupungua, msiwashe umeme kabla fundi hajakagua. Vyoo vya shimo vikifurika huchafua visima, kwa hiyo maji ya kunywa yachemsheni au yatieni dawa, hata yakionekana meupe.