Kwa nini jenereta namba mbili hujitoa usiku

Simu iliingia saa tano usiku kutoka kiwanda kimoja cha barafu hapa Kisumu. "Fundi, namba mbili imejitoa tena. Hii mashine imerogwa." Walikuwa wameshabadilisha filta, wakafungua pampu ya dizeli, hata betri ikalaumiwa. Mchana jenereta zote mbili, kilowati 200 kila moja, huvuta pamoja bila neno. Usiku kompresa zikizimwa, breka ya namba mbili inaruka na rilei, kifaa cha ulinzi kinachoiamuru breka ikate, inaonyesha umeme unarudi nyuma.

Mashine inayofanya kazi vizuri ikilemewa na kususa ikipunguziwa, mimi humtazama gavana kwanza. Gavana ya injini, si yule wa kaunti anayepita na ving'ora. Kazi yake ni kupima kasi na kuongeza au kupunguza dizeli. Stima yetu ina masafa ya 50 Hz, na jenereta ya poli nne huipata ikizunguka mara 1,500 kwa dakika. Gavana ikiwekwa drupu, kasi inaachwa ishuke kidogo kidogo kadiri mzigo unavyopanda. Ikisoma 52 Hz bila mzigo na 50 Hz kwa mzigo kamili, gawanya 2 kwa 50: drupu ni asilimia 4.

Vijana wengi wakiona masafa yanashuka hukimbilia skrubu ya kasi. Acheni! Kushuka huko ndiko kunakogawa kazi. Jenereta zikishaungana, masafa yao ni mamoja, na kila moja hubeba kile ambacho mteremko wake, yaani drupu yake, unadai katika masafa hayo.

Asubuhi nilipima kila moja ikiwa peke yake. Namba moja: 52 hadi 50. Namba mbili: 51 hadi 50, yaani asilimia 2 tu. Mtu alizilinganisha mzigo ukiwa juu, akaridhika, akaenda zake. Sasa piga hesabu. Mzigo wa kilowati 350: masafa yanatua karibu na 50.17, namba moja inabeba 183, namba mbili 167. Nani atalalamika? Mzigo ukishuka hadi 100, masafa yanafika 51 na namba mbili haibebi chochote. Ukifika 60, namba moja inatoa karibu 87, na zile 27 zilizozidi zinaingia namba mbili na kuigeuza mota inayosukuma injini yake yenyewe. Rilei inasubiri sekunde chache, inakata.

Dawa ni kuifanya miteremko ilingane. Hakikisha kwanza injini haipandi na kushuka ovyo, kwa sababu gavana isiyotulia haipimiki. Namba mbili iweke 52 Hz bila mzigo kama mwenzake, kisha ipe mzigo unaoujua. Sikuweza kufikisha 200 pale kiwandani, lakini si lazima: kwa kilowati 100 natarajia 51. Nilipata 51.5, nikaongeza drupu, nikarudi kuangalia 52 yangu kwa kuwa mara nyingi skrubu moja huivuruga nyingine. Raundi ya nne ndipo ikakaa.

Ukishalinganisha kilowati na bado ampea zinatofautiana sana, usirudi kwenye gavana. Hapo ni kazi ya AVR, kidhibiti cha volti cha jenereta. Nayo ina drupu yake, inayotegemea CT moja ndogo, yaani transfoma ya kupima mkondo. Endesha jenereta moja na mzigo wa mota: volti inatakiwa ishuke kidogo. Ikipanda, nyaya za CT hiyo zimegeuzwa. Zima mashine ndipo uziguse. CT iliyoachwa wazi ikiwa na mzigo inaweza kukuua.

Opereta aliniuliza kwa nini tusiondoe drupu, zote zikae 50 kamili. Inawezekana, ila lazima gavana ziunganishwe kwa waya wa kugawana mzigo. Bila waya huo kila moja itadai kasi yake ndiyo sahihi, moja ibebe kila kitu na nyingine isukumwe. Unaweza pia kuacha moja bila drupu ipokee mabadiliko, na yenye drupu ibebe mzigo usiobadilika. Lakini ukiunga na stima ya Kenya Power usithubutu kuendesha bila drupu au kidhibiti cha mzigo. Kilowati 200 zako haziwezi kuyasogeza masafa ya gridi ya nchi nzima.

Usiku ule nilikaa hadi kompresa zikazimwa. Mzigo 60, kila moja 30, masafa 51.7, breka kimya. Nikamwambia opereta kwamba kilowati 30 ni asilimia 15 tu ya uwezo wa mashine, dizeli haiungui vizuri na ekzosi itaanza kutoa majimaji meusi, kwa hiyo usiku azime moja. Alikubali kwa kichwa. Wiki iliyofuata nilipita pale saa nne usiku, na zote mbili zilikuwa zinanguruma.