Faluda ya mwani: ndimu isubiri

Ramadhani ikikaribia, watu kwenye soko la Darajani, Unguja, hununua vipakiti vya agaraga ya kugandishia faluda, yaani maziwa matamu yaliyogandishwa, nami kila nikiwaona hucheka peke yangu. Agaraga yenyewe ni mwani, wa aina nyingine tu, uliochemshwa na kuchujwa ng'ambo. Na huku Paje na Jambiani akina mama wamekuwa wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba tangu mwaka 1989, wanavuna, wanaanika, mzigo unapanda meli. Huko uendako hutolewa karajinani, ile inayoifanya aiskrimu iwe laini na dawa ya meno isichuruzike.

Kazi yangu ni usindikaji wa vyakula. Swali ninaloulizwa sana ni "Kwani mwani unalika?" Naelewa. Kwetu ulikuja kama zao la kuuza, haukuja na mapishi yake. Mtu akiutia mdomoni ulivyo, anakutana na chumvi na shombo, basi anaapa harudii. Mimi siupiki kama mchicha. Naufanya kigandisho.

Kwanza ujue unanunua upi. Spinosamu, ule wenye miiba miiba, hutoa mgando laini unaotikisika, na hata ukiuvuruga hujirudi. Unafaa kwa uji, juisi na kuzitia supu uzito. Kotonii ni mnene, na mgando wake ni mgumu, unakatika vipande vizuri kwa kisu, ila ukikaa hutoa majimaji. Kwa faluda nauchagua kotonii, ukipatikana. Siku hizi ni wa kutafuta, maana maji ya bahari yakipata joto unaugua, matawi yanageuka meupe na kukatika. Chagua pia ulioanikwa juu ya kichanja. Ulioanikwa chini utakutafunisha mchanga hadi Idi. Na ule uliotupwa ufukweni na mawimbi uache hukohuko, hujui umelala na nini.

Shombo huondoka kwa subira tu. Osha mwani mkavu mara tatu nne, uloweke usiku kucha kwenye maji baridi, asubuhi yamwage, uoshe tena. Ukiwa na nafasi, uanike juani baada ya kuuosha, kisha urudie. Rangi itafifia mpaka ikaribie unyasi mkavu, na harufu itapungua sana.

Kwa lita moja ya maziwa natumia gramu 25 hivi za mwani mkavu. Baada ya kulowekwa nauchemsha kwa nusu lita ya maji, moto mdogo, dakika 40 au zaidi, nikikoroga kwa mwiko mpaka uyeyuke uwe rojo. Nauchuja ungali moto kwa kitambaa cha kuchujia tui. Usichelewe hapa! Rojo likipoa linaganda humohumo kitambaani, utakamua mpaka mikono iume. Maziwa yawe yameshachemka na sukari, iliki na zafarani. Changanya, mimina kwenye sinia. Hauhitaji friji ili kuganda, ingawa faluda ya baridi ni tamu zaidi. Na kwa wanaouliza kuhusu jelatini imetoka kwa mnyama gani, hapa hakuna mnyama.

Sasa hiyo ndimu. Mara ya kwanza kufundisha, nilitaka kujionyesha, nikakamulia ndimu sufuriani ili kukata shombo, nikaendelea kuchemsha. Tulisubiri saa mbili. Bibi mmoja aliinamisha sinia, maziwa yakamwagika, akaniambia, "Mwanangu, hii umetupikia chai." Alikuwa sahihi. Ukali wa ndimu ukikutana na moto hukatakata nyuzi za karajinani, na nyuzi zikishakatika hazishikani tena. Kwa hiyo kwenye jemu au juisi ya mwani, ndimu, ukwaju na pasheni huingia mwisho, sufuria ikiwa imeshaepuliwa.

Mwani mbichi nautumia kwa kachumbari tu. Nauzamisha kwenye maji yanayochemka, nahesabu hadi kumi, natoa na kuutia kwenye maji baridi. Ukizidisha unakuwa ute. Kitunguu, nyanya, pilipili mbuzi, na hapa ndimu ikamulie utakavyo. Chumvi onja kwanza, huenda usiihitaji. Mwenye matatizo ya tezi ya shingo amuulize daktari wake kabla ya kuuzoea, kwa sababu ya madini joto (iodini) yaliyomo.

Rojo likibaki, liweke friji kwenye chupa yenye kifuniko. Mimi kijiko kimoja huishia kwenye uji wa asubuhi, na wanangu hawajawahi kukitambua.