Uislamu ni Nini? Salama, Amana na Hisani

Msemaji wa Kiswahili anayeuliza Uislamu ni nini ana bahati ambayo wengi hawana: nusu ya jibu tayari imo kinywani mwake. Mtu akiingia katika dini hii tunasema "amesilimu". Jeshi likishindwa vitani tunasema "limesalimu amri". Msafiri akifika bila balaa amefika "salama", na akiwakuta wenyeji anawapa "salamu". Maneno yote haya yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye herufi tatu, s, l na m, na neno Uislamu limechipuka hapo hapo. Maana yake ni kujisalimisha, yaani mtu kuiweka hiari yake chini ya amri ya Mwenyezi Mungu. Wengi hulitafsiri neno hili kuwa "amani", na si kosa kubwa, lakini amani ni tunda la kitendo. Kitendo chenyewe ni kusalimu amri.

Kwa hiyo dini hii haikuitwa kwa jina la mtu wala la nchi, imeitwa kwa tendo. Ndiyo maana Waislamu hawapendi iitwe "dini ya Muhammad". Kwao Muhammad ni mtume wa mwisho katika mlolongo mrefu unaowajumuisha Adamu, Nuhu, Ibrahimu, Musa na Isa, wala si mwanzilishi. Kurani inasimulia kwamba Mola alipomwambia Ibrahimu ajisalimishe, alijibu kuwa amejisalimisha kwa Mola wa walimwengu wote. Katika sura ya 3, aya ya 67, Ibrahimu anaitwa Mwislamu ilhali aliishi karne nyingi kabla ya Muhammad. Anayelichukua neno "Mwislamu" kama jina la kundi tu atashangazwa na aya hiyo. Anayelisoma kama "aliyejisalimisha" ataona limekaa mahali pake.

Hata hivyo, ukiitazama kihistoria, dini hii ina mahali na wakati. Muhammad bin Abdullah alizaliwa Makka mnamo mwaka 570 hivi, katika kabila la Kuraishi. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, mama yake, Amina, akafariki mtoto akiwa na miaka sita, kisha babu aliyemchukua naye akafa miaka miwili baadaye. Akalelewa na ami yake, Abu Talib. Makka ulikuwa mji wa misafara ya biashara na wa mahujaji waliofuata Kaaba, ambayo wakati huo ilizungukwa na masanamu. Muhammad aliifanya kazi ya biashara kwa uadilifu hata watu wakampa lakabu ya Al-Amin, Mwaminifu. Naomba msomaji alikumbuke jina hilo.

Mwaka 610, akiwa na umri wa miaka 40, alikuwa faraghani katika pango la Hira nje ya Makka pale malaika Jibrili alipomjia na amri ya kwanza: "Soma!" Alirudi nyumbani akitetemeka. Mkewe Khadija akamfunika na kumtuliza, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwamini. Wahyi, yaani ufunuo kutoka kwa Mungu, uliendelea kushuka kwa muda wa miaka 23 hivi, na ndio uliokusanywa katika Kurani yenye sura 114. Baada ya Mtume kufariki, Zaidi bin Thabiti aliikusanya kwa amri ya Abu Bakar, khalifa (kiongozi wa Waislamu baada ya Mtume) wa kwanza, na katika ukhalifa wa Uthmani nakala sanifu zikapelekwa katika miji mikubwa.

Wakubwa wa Makka hawakuupenda ujumbe huu. Kumwabudu Mungu mmoja kuliyatia hatarini masanamu na heshima ya wayatunzao, na agizo la kumlinda yatima na kumlisha maskini liliwagusa waliojilimbikizia mali. Wafuasi waliteswa, wengine wakakimbilia Uhabeshi. Mwaka 622 Mtume mwenyewe alihamia Yathribu, mji ulioitwa Madina baadaye. Usiku wa kuondoka, maadui wakiwa wamepanga kumuua, alimwacha binamu yake Ali nyuma ili awarudishie watu mali walizomwekea. Walimpinga kwa maneno na kwa silaha, na bado amana zao zilikuwa nyumbani kwake. Kuhama huko ndiko Hijra, na kalenda ya Kiislamu inahesabiwa kuanzia mwaka huo. Haikuanzia mwaka wa kuzaliwa Mtume, wala mwaka wa wahyi wa kwanza. Mwaka 630 aliingia Makka na kuyaondoa masanamu kwenye Kaaba. Mwaka 632 akafariki Madina.

Sasa tuingie kwenye imani na matendo. Wanazuoni wa Kisunni hupenda kuyaeleza kwa hadithi moja, yaani simulizi la maneno na matendo ya Mtume, iliyopokewa kutoka kwa sahaba wake Umar bin Khattab. Anasimulia kwamba siku moja walikuwa wameketi na Mtume, akatokea mtu mwenye nguo nyeupe sana na nywele nyeusi sana. Hakuwa na alama yoyote ya safari, na hakuna hata mmoja wao aliyemjua. Akaketi, magoti yake yakagusana na ya Mtume, akauliza: Uislamu ni nini? Kisha: imani ni nini? Kisha: ihsani ni nini? Kila akijibiwa alisema, "Umesema kweli," nao wakastaajabu, anauliza na papo hapo anamsadikisha.

Jibu la swali la kwanza ndilo linalojulikana kama nguzo tano. Ya kwanza ni shahada, kushuhudia kwamba hapana mungu ila Allah na kwamba Muhammad ni Mtume wake. Neno hili ni ndugu wa "shahidi" na "ushahidi": anayelitamka anajifunga kwa kauli kama anavyojifunga shahidi mbele ya kadhi. Ya pili ni swala tano kwa siku: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha, ambazo rakaa zake (mizunguko ya kusimama, kurukuu na kusujudu) za faradhi ni 17 kwa jumla. Mwenye kuswali hutia udhu, huelekea kibla upande wa Kaaba, husimama, hurukuu na kusujudu. Kwangu mimi sujudu ndiyo tafsiri bora ya neno Uislamu kuliko sentensi yoyote niliyoiandika hapa, kwa sababu paji la uso, ambalo mtu hulibeba juu kuliko viungo vyote, linawekwa chini kwa hiari. Mwishoni mwa swala mtu hugeuza uso kulia na kushoto na kutoa salamu.

Zaka ni fungu la wajibu, asilimia 2.5 ya fedha au dhahabu iliyofikia kiwango kiitwacho nisabu na kumilikiwa mwaka mzima. Nisabu ya dhahabu hukadiriwa kuwa gramu 85 hivi. Kurani, sura ya 9 aya ya 60, inataja makundi manane yanayostahiki, wakiwemo mafakiri, maskini, waliolemewa na madeni na msafiri aliyekwama. Katika Kiarabu neno hili lina maana ya kutakasika na pia ya kukua. Mtoaji basi hamfanyii maskini fadhila; anaitoa kwenye mali yake haki ya mwingine. Saumu ni kujizuia na chakula, kinywaji na tendo la ndoa tangu alfajiri hadi jua kutua, mwezi mzima wa Ramadhani. Kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi, Ramadhani huzunguka majira yote ya mwaka. Hija ni wajibu mara moja maishani kwa mwenye uwezo, na kilele chake ni kusimama Arafa tarehe 9 ya mwezi wa Dhulhija, wanaume wamevaa shuka mbili zisizoshonwa, tajiri asijulikane na maskini.

Swali la pili lilihusu imani. Hapa Kiswahili kinatusaidia tena, maana imani, amini, amana, amani na mwaminifu ni watoto wa mzizi mmoja, a, m na n, na lile jina Al-Amin limetoka humo humo. Mtume alijibu kwamba imani ni kumwamini Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho na kadari, yaani makadirio ya Mungu, ya heri na ya shari. Waislamu wa Kishia huzipanga nguzo za itikadi kwa namna nyingine: tauhidi (upweke wa Mungu), uadilifu wa Mungu, unabii, uimamu na kiyama. Tofauti kubwa ipo kwenye uimamu, nayo ilianza mwaka ule ule wa 632 kwa swali la nani aushike uongozi baada ya Mtume.

Kurani haiuchanganyi Uislamu na imani. Katika sura ya 49, aya ya 14, mabedui wanasema wameamini, nao wanaambiwa waseme wamesilimu kwanza, kwa kuwa imani bado haijaingia mioyoni mwao. Mwili unaweza kusalimu amri mapema, moyo ukafuata baadaye. Napenda ukweli wa aya hiyo. Haiwafukuzi watu wale. Inawaonyesha walipofika na njia iliyobaki.

Ndugu wa maneno wanaweza pia kutupoteza. "Jihadi" ni ndugu wa "juhudi" na "jitihada", na maana yake ya asili ni kujikaza. Vita ni upande mmoja tu wa neno hilo, na vina masharti yake katika fikihi, elimu ya sheria za dini. "Sharia" nayo kwetu imekuwa "sheria", neno la kanuni yoyote ya serikali. Katika Kiarabu cha kale ilikuwa njia iendayo kwenye maji, na sharia ya Kiislamu inagusa swala, mirathi na adabu ya kula sawa na inavyogusa hukumu.

Likabaki swali la ihsani, neno linalotokana na mzizi uliotupa "hisani". Mtume alijibu: ni kumwabudu Mungu kana kwamba unamwona, na kama wewe humwoni, basi Yeye anakuona. Mtu aliyefunga, yuko peke yake nyumbani adhuhuri ya joto, mlango umefungwa, maji yako mezani. Akinywa hakuna atakayejua, na jioni atafuturu na wenzake kama kawaida. Hanywi.

Yule mgeni aliondoka. Baada ya muda Mtume akamuuliza Umar kama anamjua aliyekuwa akiuliza. Umar akasema Mwenyezi Mungu na Mtume wake ndio wajuao. Akaambiwa: huyo ni Jibrili, amekuja kuwafundisha dini yenu.