Dallas Dhu: Kiwanda cha Wiski Kilichofungwa Bila Kubomolewa

Kiwanda cha wiski cha Dallas Dhu, nje kidogo ya mji wa Forres kaskazini mwa Uskoti, kilijaza pipa la kwanza mwaka 1899 na la mwisho Machi 1983. Kufungwa kwake hakukutokana na ubovu wa kinywaji, kwa hiyo sababu inabidi kuitafuta katika biashara yenyewe.

Kwa mujibu wa sheria, wiski ya Uskoti haiuzwi kabla ya kukaa katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3, na mara nyingi ile ya kimea huachwa miaka 10 au zaidi. Mwenye kiwanda, basi, hupika leo kwa ajili ya soko asilolijua, na akikosea makadirio, kosa hudhihirika maghala yakiwa yamekwisha kufurika. Dallas Dhu ilijengwa wakati wa pupa ya namna hiyo. Desemba 1898, kabla hata haijaanza kazi, kampuni ya akina Pattison wa Leith ilianguka na kuwaburuta wafanyabiashara wengine wengi wa wiski. Moto wa mwaka 1939 uliunguza jengo la mitambo, ikafuata vita, na uzalishaji ukarejea mwaka 1947.

Mwaka 1983 maghala yalifurika tena. Kampuni ya DCL (Distillers Company Limited), iliyokuwa ikimiliki sehemu kubwa ya viwanda vya wiski vya Uskoti, ilivifunga kadhaa kwa mkupuo, vikiwemo Brora, Port Ellen na St Magdalene. Dallas Dhu, yenye mitambo miwili tu ya kupikia, yaani vyombo vya kuchemshia pombe hadi iwe mvuke, haikusalimika.

Bahati yake ni kwamba haikung'olewa vifaa. Ilipofunguliwa kwa umma mwaka 1988 kama makumbusho, bado ilikuwa na tanuri la kukaushia kimea lenye paa lililochongoka, mapipa makubwa ya kuchachushia, na mitambo ile miwili ya shaba. Shaba hiyo si pambo: hunasa salfa iliyomo katika mvuke, ambayo ingeipa wiski harufu mbaya, nayo yenyewe huliwa kidogo kidogo hadi kuta za mitambo zikawa nyembamba. Jambo kama hilo hueleweka upesi kwa anayesimama mbele ya chombo chenyewe.

Kwingineko hali ilikuwa tofauti. St Magdalene iligeuzwa makazi ya watu. Brora, iliyobaki na mitambo yake ya zamani, iliikarabati na kuanza tena mwaka 2021. Port Ellen, iliyorejea mwaka 2024, ililazimika kutengenezewa mipya.