Mlo wa mwenye pumu: tuanze na chakula cha usiku

Hakuna chakula kinachoponya pumu, na hakuna kinachoweza kushika nafasi ya dawa ya kuvuta. Mlo hupunguza yale yanayochokoza njia za hewa, na chakula cha usiku ndicho kinachosahaulika zaidi.

Mtu akila sahani kubwa ya wali au chipsi kisha akalala tumbo limejaa, tindikali hupanda kwenye umio na kuamsha neva zinazobana njia za hewa. Ikidondokea kwenye mapafu, huyawasha moja kwa moja. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa hukohoa usiku wa manane hata kama hakuna vumbi chumbani. Anayelala saa 4 usiku amalize kula saa 1. Kama kiungulia kinaendelea, inua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa sentimita 15 hadi 20. Mito peke yake haisaidii sana, kwa kuwa hukunja tumbo na kulibana.

Uzito mkubwa nao hubana mapafu. Mwenye kilo 90, ikiwa ni uzito uliozidi mahitaji yake, akipunguza kilo 5 hadi 9, mara nyingi hupumua vizuri zaidi. Aanze na soda, maandazi na sukari ya chai, kisha nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu.

Inasikitisha kuona watoto wakinyimwa maziwa, mayai na ndizi kwa hofu ya makohozi. Bila mzio uliothibitishwa, katazo hilo humkosesha mtoto protini na madini ya kalsiamu, na anayetumia prednisolone, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa, mara kwa mara anayahitaji zaidi, kwa kuwa dawa hiyo hudhoofisha mifupa. Mzio wa kweli huonekana ndani ya dakika chache hadi saa mbili: vipele, midomo kuvimba, kutapika, kifua kubana. Kifua kikibana baada ya karanga, samaki au yai, nenda hospitali mara moja.

Soma pia lebo za matunda makavu, divai na juisi ya limau ya chupa. Namba E220 hadi E228 ni salfaiti, yaani kemikali za kuhifadhi chakula, ambazo huwabana kifua baadhi ya wenye pumu.

Anayehitaji dawa ya kuvuta ya kutuliza pumu zaidi ya mara 2 kwa wiki arudi kliniki. Hapo mlo pekee hautoshi.