Ushuru wa mafuta si fungu la kumi

Katika muda wa wiki moja nimesikia mara tatu, mara mbili redioni na mara moja kutoka kwa mtu ninayemheshimu kwa elimu yake, kwamba "ushuru wa mafuta umepanda", ilhali kilichopanda ni bei ya mafuta ghafi katika soko la dunia, na ushuru wenyewe haukuguswa hata kwa senti moja. Huyo wa tatu aliongeza kwamba serikali hufurahi bei inapopanda, kwa sababu ushuru nao hukua pamoja nayo. Kosa hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mtu akishalishika hawezi tena kuelewa madereva hulalamikia nini hasa, kwa nini mawaziri wa fedha huuogopa ushuru huu, wala kwa nini watetezi wa mazingira huupenda.

Maana yenyewe ni fupi. Ushuru wa mafuta ni kiasi cha fedha kilichowekwa na sheria, kinachotozwa kwa kila lita, au kila galoni, ya petroli au dizeli inayoingia sokoni. Anayeulipa mbele ya mamlaka ya kodi huwa ni mwagizaji, mwenye kiwanda cha kusafisha mafuta au mwenye ghala, mara nyingi shehena inapotoka ghalani. Dereva huubeba baadaye, ukiwa umekwisha kuingizwa ndani ya bei anayoisoma kwenye pampu. Ni ushuru wa bidhaa, jamaa ya ule unaotozwa kwenye sigara na vileo. Maneno ya kushikilia katika maelezo hayo yote ni "kila lita". Ushuru huu hupima ujazo, haupimi thamani.

Hapa ndipo lugha yetu inapotuponza, na kwa sababu hiyo siwezi kumlaumu sana anayekosea. Neno ushuru tumelipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni ushr, yaani sehemu moja ya kumi. Ni ndugu wa maneno tuliyoyazoea kiasi cha kutoyatazama tena: ashara, yaani kumi, ambalo limo ndani ya thenashara, ishirini, na Ashura, siku ya kumi ya mwezi wa Muharram. Katika sheria ya Kiislamu ushr ilikuwa haki iliyotolewa katika mazao, sehemu moja ya kumi kwa shamba lililonyweshwa na mvua, na nusu ya hiyo kwa shamba ambalo mwenyewe alilimwagilia kwa jasho na gharama. Wafanyabiashara nao walitozwa sehemu ya bidhaa zao, na hivyo neno likatoka shambani, likafika bandarini na kutua forodhani. Safari yote hiyo lilibeba wazo moja, wazo la fungu: mavuno yakiwa mengi, ushuru ni mwingi, yakiwa haba, nao ni haba. Anayesema leo kwamba ushuru wa mafuta hukua bei inapokua anaisikia, pasipo kujua, sauti ya kale ya neno lenyewe. Lakini neno limehama na hesabu imebadilika. Ushuru wa mafuta hauna fungu la kumi, wala la tano, wala la aina yoyote ndani yake.

Maneno mengine tuliyo nayo hayatuokoi. Kodi tunalitumia kwa serikali na kwa mwenye nyumba pia, kwa hiyo haliwezi kutuambia kiasi kinahesabiwaje. Tozo limetokana na kutoza, yaani kumfanya mtu atoe, nalo linataja kitendo tu bila kipimo. Itabidi tuliweke neno ushuru mahali pake kwa kulieleza, kwa kuwa lenyewe halijielezi.

Tufanye hesabu. Chukulia lita moja ya petroli inayogharimu senti 60 kabla ya serikali kuigusa, ukijumlisha mafuta ghafi, usafishaji, usafirishaji na faida ya muuzaji. Ushuru ni senti 40, na juu ya jumla hiyo kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Dereva atalipa senti 120, na ushuru utakuwa theluthi ya bei. Sasa ile gharama ya kwanza na iongezeke maradufu, ifike senti 120. Ushuru utabaki senti 40, kodi ya ongezeko la thamani itatoka senti 20 hadi 32, na bei itafika senti 192; ushuru utakuwa umeshuka hadi kama sehemu moja ya tano ya bei. Gharama ikianguka hadi senti 30, bei itakuwa senti 84, na zile zile senti 40 zitakaribia nusu yake. Kwa maneno mengine, uzito wa ushuru ndani ya bei hupungua mafuta yanapokuwa ghali na huongezeka yanapokuwa rahisi, kinyume kabisa na inavyodhaniwa. Tena, bei ikipanda sana watu hununua lita chache zaidi, na mapato ya ushuru hupungua.

Kilichokua pamoja na bei katika hesabu hiyo ni kodi ya ongezeko la thamani, kwa kuwa hiyo ndiyo ya asilimia, na mara nyingi hutozwa hata juu ya ushuru wenyewe, jambo ambalo madereva wana haki ya kulinung'unikia. Yule ninayemheshimu alikuwa na nusu ya hoja, ila aliipachika kwenye jina lisilo lake.

Tofauti hii humfikia dereva kwa njia asiyoitarajia. Katika mfano wetu gharama ya mafuta ilipanda maradufu, lakini bei ya pampu ilipanda kwa asilimia 60, kwa sababu sehemu ya ushuru haikutikisika. Ndiyo maana katika nchi za Ulaya zenye ushuru mkubwa mtikisiko wa soko la dunia hufika kwenye pampu ukiwa umepungua makali, na katika Marekani, ambako ushuru ni mdogo, hufika ukiwa na nguvu zake nyingi. Sisemi haya kutetea bei kubwa, kwani anayelipa zaidi kila siku hafidiwi kwa kuambiwa kwamba bei yake hairukiruki. Mzigo wenyewe pia hauwaangukii watu sawasawa. Anayeishi karibu na treni au basi anaweza kuliacha gari nyumbani. Anayeishi mbali na kazi yake, mahali ambapo usafiri wa umma haufiki, hana la kuacha, naye hulipa kwa kila kilomita. Hata asiye na gari huulipa, kupitia nauli na kupitia bei ya kila kitu kinachobebwa na lori.

Kwa upande wa siasa, ushuru uliowekwa kwa lita una tabia moja inayoeleza karibu kila kitu: usipoguswa, huyeyuka. Mfumuko wa bei huila thamani yake mwaka baada ya mwaka, na kuirudisha kunahitaji mtu asimame bungeni na kutamka kwamba anapandisha ushuru wa mafuta. Kodi ya asilimia haihitaji mtu huyo. Hujipandisha yenyewe kimya kimya. Ushuru wa shirikisho wa Marekani ulianza mwaka 1932 kwa senti 1 kwa galoni, ukafika senti 18.4 kwa petroli mwaka 1993, na haujapandishwa tangu hapo. Fedha zake huingia katika mfuko wa barabara kuu ulioanzishwa mwaka 1956, na tangu mwaka 2008 Bunge la nchi hiyo limelazimika mara kwa mara kuujazia mfuko huo kutoka hazina kuu, kwa sababu magari yanakwenda mbali zaidi kwa mafuta kidogo, na senti 18.4 za mwaka 1993 hazinunui leo kilichonunuliwa wakati ule.

Uingereza ilijaribu njia nyingine, ya ushuru unaopanda wenyewe kila mwaka. Mwaka 1993 serikali iliamua kwamba ushuru upande kila mwaka kwa asilimia 3 zaidi ya mfumuko wa bei. Kiwango hicho kikafanywa 5, na mwaka 1997 kikawa 6. Mpango uliachwa mwishoni mwa mwaka 1999, lakini Septemba 2000, mafuta ghafi yalipopanda bei, wakulima na madereva wa malori walizingira viwanda vya kusafisha mafuta na maghala, na ndani ya siku chache vituo vingi vikaishiwa. Kuni zilikuwa zimepangwa na ushuru kwa miaka kadhaa, ingawa aliyewasha kiberiti alikuwa soko. Tangu mwaka 2011 kiwango kilisimama kwenye peni 57.95 kwa lita, na mwaka 2022 kilipunguzwa kwa peni 5. Kwa zaidi ya miaka kumi, kila ulipokaribia wakati wa kukipandisha kulingana na mfumuko wa bei, waziri wa fedha aliyekuwapo aliahirisha.

Ufaransa ndiyo nchi ambayo sentensi "ushuru wa mafuta umepanda" ingetumika kwa haki kabisa. Serikali yake ilikusudia kuupandisha ushuru kuanzia tarehe 1 Januari 2019, kwa senti 6.5 za yuro kwa lita ya dizeli na senti 2.9 kwa lita ya petroli. Tarehe 17 Novemba 2018 watu waliovaa vizibao vya njano, vile ambavyo sheria ya nchi hiyo inamtaka kila dereva awe navyo garini, walifunga njia na makutano ya barabara nchi nzima, na mwanzoni mwa Desemba mpango ukafutwa. Wengi wao waliishi mbali na miji mikubwa na hawakuwa na namna ya kufika kazini bila gari. Sababu iliyotolewa na serikali ilikuwa mazingira, na nadhani wengi waliochoka kusikia sababu hiyo hawakuwa maadui wa mazingira. Waliona wameombwa kubadili maisha bila kupewa maisha mengine ya kuhamia.

Hata hivyo, hoja ya mazingira ina nguvu, na nguvu hiyo inatoka palepale kwenye "kila lita". Lita ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, na lita ya dizeli takriban kilo 2.7, iwe ilinunuliwa kwa bei ya juu au ya chini. Madhara hufuata lita, hayafuati bei, kwa hiyo ushuru wa lita huyakaribia kuliko kodi ya asilimia. Mwanauchumi wa Uingereza Arthur Pigou alieleza mwaka 1920 wazo lililo chini ya jambo hili, kwamba anayewatia wengine hasara asiyoilipia atozwe kwa kadiri ya hasara hiyo. Matokeo yake huja polepole. Ushuru ukipanda leo, safari za kesho hupungua kidogo tu. Upungufu mkubwa huonekana baada ya miaka, watu wanaponunua magari yanayokula mafuta kidogo au wanapochagua pa kuishi.

Kodi ya kaboni, iliyoanza Ufini mwaka 1990 na Uswidi mwaka 1991, ni mjukuu wa wazo hilo la Pigou, na siku hizi nayo huchanganywa na ushuru wa mafuta. Yenyewe hupimwa kwa tani ya hewa ukaa, na inaweza kugusa makaa ya mawe na gesi pia. Dizeli inaionyesha tofauti vizuri. Kwa hesabu ya kaboni, lita ya dizeli ingestahili kutozwa zaidi ya lita ya petroli. Lakini kiwango cha chini cha ushuru katika Umoja wa Ulaya ni yuro 0.359 kwa lita ya petroli na yuro 0.330 kwa dizeli, kwa kuwa dizeli ndiyo inayoendesha malori. Ushuru wa mafuta ulizaliwa kwa haja ya fedha na barabara, na mazingira yaliongezwa baadaye. Waziri wa fedha David Lloyd George aliuanzisha Uingereza mwaka 1909 kwa ajili ya barabara, na jimbo la Oregon, la kwanza Marekani kufanya hivyo, lilianza mwaka 1919 kwa senti 1 kwa galoni, kwa kusudi hilo hilo. Gari la umeme halinunui lita yoyote, na Oregon hiyo hiyo mwaka 2015 ilianzisha mpango wa hiari ambao dereva hulipa kwa maili anazokwenda.

Liko pia kosa la pili, dogo kwa urefu wa maelezo lakini chungu kwa matokeo, la kuita kuondolewa kwa ruzuku "kupandishwa kwa ushuru". Oktoba 2019 watu wa Ekwado waliingia barabarani baada ya serikali kuondoa ruzuku ya mafuta, na amri hiyo ilibatilishwa. Bei ilipanda, na maumivu yalikuwa ya kweli, lakini hapakuwa na ushuru uliopandishwa. Serikali iliacha kulipa sehemu ya bei, ambalo ni tendo tofauti na kuongeza sehemu yake.

Kwa hiyo ninayemheshimu akiniruhusu, nitamwomba jambo moja dogo. Atakaposoma tena bei mpya kwenye pampu, aulize kwanza kama kiwango cha lita kimebadilishwa na sheria. Kama hakikubadilishwa, sentensi aliyoitafuta ni hii: bei ya mafuta imepanda, kodi ya ongezeko la thamani imeifuata, na ushuru umebaki ulivyokuwa.