Mwanamke Mwenye Hilali: Andikeni Lebo Vizuri

Malalamiko kuhusu picha za mtindo wa kigothi (ule wa kisasa wa giza na mavazi meusi) tunazotundika kwenye maonyesho yameongezeka mezani petu, na karibu yote yanasema jambo moja: mwanamke mwenye gauni jeusi na hilali kichwani ni alama ya Freemason. Jamani. Umbo hilo ni la Wagiriki na Warumi wa kale. Baraza kuu la kwanza la Freemason liliundwa London mwaka 1717. Hata hivyo lawama si za watazamaji peke yao. Msanii akiandika "Mungu wa kike wa mwezi" na kuishia hapo, mtazamaji atajaza pengo kwa anachokijua.

Taja ni nani. Selene, ambaye Warumi walimwita Luna, ndiye mwezi wenyewe: ana gari la farasi na hilali kwenye paji la uso. Artemi, yule wa Waefeso katika Matendo 19, alikuwa mungu wa uwindaji kwanza, mwezi ukaunganishwa naye baadaye. Mtambue kwa upinde na podo. Hekate hubeba mienge na funguo, hufuatana na mbwa, na makao yake ni njia panda. Pausanias, mwandishi Mgiriki wa kale, anaeleza kwamba mchongaji Alkamenes wa Athene ndiye wa kwanza kumchonga mwenye miili mitatu.

Hapo ndipo fomu nyingi za lebo mnazotuletea zinapoharibika. Miili hiyo mitatu ya kale kwa kawaida ni ya wasichana wa rika moja. Utatu wa binti, mama na bibi kizee ulienezwa na mshairi Mwingereza Robert Graves mwaka 1948, hivyo usiandike "imani ya Wagiriki wa kale" chini yake. Makumbusho makubwa nayo hurekebisha: chapa ya msanii Mwingereza William Blake ya mwaka 1795 hivi, iliyoko Tate, jumba la sanaa la Uingereza, iliitwa Hekate kwa muda mrefu kabla ya kupewa jina jingine.

Katika sanaa ya Kigothi yenyewe, ile ya Ulaya ya karne ya 12 hadi ya 15, mwanamke aliyesimama juu ya hilali ni Maria, kwa kufuata Ufunuo 12:1. Hilali miguuni na nyota kumi na mbili kichwani: usimwite Selene.

Kuhusu mwezi wenyewe. Katika alama ya miezi mitatu, pembe za hilali zote mbili hutazama nje, mwezi mpevu ukiwa katikati. Mpangilio huo umetokana na anga ya kaskazini. Kwetu karibu na Ikweta mwezi mwandamo hulala chali, pembe juu. Vyote viwili vinakubalika, ila usiweke nyota ndani ya pembe ukadai umechora anga halisi, maana sehemu ile yenye giza ni mwezi pia na huiziba nyota. Hilali nyembamba ya utosini usiku wa manane nayo haipo.

Lebo ina mistari minne: jina la mungu na kama ni la Kigiriki au la Kirumi, chanzo cha umbo, mwaka na vifaa, na mwenye picha uliyoiga, kama ipo. Mstari wa nne ukiachwa wazi ilhali umeiga picha, fomu haipokelewi. Kosa hilo likigundulika baada ya kazi kutundikwa, kazi hushushwa siku hiyohiyo, msanii huarifiwa kwa maandishi, na gharama ya lebo mpya ni yake. "Nimeitoa mtandaoni" si jibu. Kwa sheria za Tanzania Bara na Kenya, hakimiliki hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Mchoraji Mwingereza Evelyn De Morgan alifariki 1919, kwa hiyo Luna wake wa 1885, aliyefungwa kamba juu ya hilali, anaweza kuigwa. Nakala ya kamera iliyopigwa na makumbusho inaweza kuwa na masharti yake, yasomwe kwanza. Wachoraji walio hai waombwe ruhusa kwa maandishi, na nakala ya ruhusa ibanwe kwenye fomu.